Vitenzi Tuli vya Kiingereza katika Muundo Sahili na Muundo Endelevu: Mtazamo kutoka Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya vitenzi tuli vya Kiingereza katika muundo sahili na muundo endelevu, yakivilinganisha na vitenzi vya Kiswahili vyenye maana zinazokaribiana navyo. Inaelezwa kwamba katazo la kutumia -ing na vitenzi hivyo si sifa ya kudumu ya maneno yenyewe, bali hutokana na namna msemaji anavyolitazama jambo analolisema. Aidha, inadaiwa kuwa makosa ya wajifunzaji wazungumzao Kiswahili yana pande mbili ambazo hazina budi kutenganishwa: kuitia -ing pasipotakiwa na kuiacha panapotakiwa. Upande wa pili, unaotokana na kiambishi -me-, ndio unaoufichua zaidi mfumo wa Kiswahili wenyewe. Sehemu ya mwisho inaonesha athari za suala hili katika tafsiri ya ushahidi mahakamani.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari akiandika *I am knowing the answer*, mwalimu hulikata neno la tatu kwa kalamu nyekundu na kuandika *know* juu yake. Akiulizwa sababu, jibu la kawaida ni orodha: *know, believe, understand, want, need, belong, own, contain, see, hear* na vitenzi vingine kadhaa ambavyo “havipokei -ing”. Orodha hiyo hunakiliwa daftarini, hukaririwa, na humfaa mwanafunzi hadi siku atakapomsikia mzawa wa Kiingereza akisema *I'm thinking of leaving*, au atakapokutana na tangazo la McDonald's lililoanza mwaka 2003, ambalo liliitia -ing kwenye kitenzi *love* na kuzunguka nalo duniani. Hapo mwanafunzi hubaki na mawili: ama wazawa wanakosea lugha yao, ama orodha aliyopewa haisemi ukweli wote.

Ukweli ni huo wa pili. Makala haya yanalenga kueleza kwa nini orodha ile haitoshi, na kwa nini mzungumzaji wa Kiswahili huteleza mahali maalumu anapoteleza. Maelezo ya kawaida kwamba Kiswahili “hakitofautishi” hali na tendo hayakubaliki, kama itakavyodhihirika. Kiswahili hutofautisha, na wakati mwingine kwa ukali kuliko Kiingereza. Ila mpaka wenyewe kimeuweka kwingine.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji kuwekwa sawa. Katika isimu ya Kiswahili neno *hali* limebebeshwa mizigo miwili. Kwa upande mmoja hutumika kuitaja kategoria ya kisarufi inayokwenda sambamba na njeo, yaani namna tukio linavyoonekana kuwa limekamilika, linaendelea au ni la mazoea. Kwa upande mwingine hutumika kuitaja aina ya maana ya kitenzi, kama inaposemwa kwamba *jua* ni kitenzi cha hali na *kimbia* ni kitenzi cha tendo. Mchanganyiko huu umesababisha sentensi zisizoeleweka hata katika tasnifu nzuri. Katika makala haya neno *hali* likisimama kama istilahi ya sarufi lina maana ya kwanza pekee, na vitenzi vya kundi la pili vinaitwa *vitenzi tuli*, mkabala na *vitenzi vya tendo*. Muundo wa Kiingereza wenye kitenzi *be* na -ing unaitwa *muundo endelevu*, na ule usio na nyongeza hiyo unaitwa *muundo sahili*.

2. Kwa nini Kiingereza husita

Zeno Vendler, katika makala yake ya mwaka 1957, aliligawa eneo la vitenzi vya Kiingereza katika mafungu manne, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa swali la kila siku: mtu akiulizwa anafanya nini, anaweza kujibu kwamba anakimbia au anaandika, lakini hawezi kujibu kwamba anajua au anapenda. Kujua hakujibu swali la kufanya. Bernard Comrie, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu hali, aliongeza maelezo yanayolipa jambo hili sababu: tukio la tendo hudai nguvu mpya kila hatua ili lisikatike, ilhali hali tuli hujiendea yenyewe mpaka kitokee kitu cha kuikomesha. Anayepanda mlima akiacha kutia bidii, kupanda kumekwisha. Anayejua njia ya kwenda Moshi haachi kuijua kwa kupumzika wala kwa kusinzia.

Kutokana na hapo tabia ya -ing inaeleweka. Muundo endelevu wa Kiingereza hulichukua tukio lenye hatua na kumweka msikilizaji katikati yake, kati ya mwanzo na mwisho. Hali tuli haina hatua. Kipande chake cha dakika moja kinafanana kabisa na kipande chake cha mwaka mzima, kwa hiyo hakuna “katikati” ya kumweka msikilizaji. Comrie anaupambanua muundo huu kwa sababu hiyohiyo: ni uendeleaji uliounganishwa na maana isiyo tuli. Muundo sahili humtosha msemaji wa *know* kwa kuwa kitenzi chenyewe tayari kimesema kwamba jambo linaendelea.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mgawanyo huu ulikuwapo katika Kiingereza tangu mwanzo. Katika *Hamlet*, tamthiliya ya takribani mwaka 1600, Polonius anamuuliza Hamlet anasoma nini ilhali kitabu kimo mkononi mwake, na analiuliza swali hilo kwa muundo sahili. Mwingereza wa leo angelazimika kutumia -ing. Muundo endelevu ulipanuka hatua kwa hatua katika karne zilizofuata, na umbo lake la kutendwa, kama katika *the house is being built*, lilianza kuzoeleka mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kusema *the house is building*. Kwa hiyo mwalimu anayeifundisha kanuni ya vitenzi tuli anafundisha kanuni changa, na ambayo bado inasogea.

3. Kitenzi kimoja, mitazamo miwili

Mifano ifuatayo inaonesha kuwa kinachokubali au kukataa -ing ni maana iliyokusudiwa, si umbo la neno.

(1) *I think he is honest.*
(2) *I am thinking about the exam.*

Katika (1) msemaji anatoa maoni. Yanakuwapo hata anapokula au anapolala. Katika (2) kuna shughuli ya akili yenye kuanza na kukatizwa, na mtu anayekatizwa anaweza kukasirika. Kiswahili hapa kina neno moja linalofaa kotekote, *fikiri*, lakini mara nyingi wasemaji hulitenga jambo kwa kuchagua *naona* kwa maoni na *ninawaza* au *ninafikiria* kwa shughuli. Tofauti hiyo ya kimsamiati ni mlango mzuri wa kufundishia: panapofaa *naona kwamba*, Kiingereza hutaka muundo sahili.

(3) *She has two children.*
(4) *She is having breakfast.*

Kitenzi *have* huwapa taabu kubwa wajifunzaji wa Afrika Mashariki, kwani *I am having a problem* na *I am having two brothers* husikika ofisini, darasani na hata redioni. Katika (3) ni umilikaji au uhusiano. Katika (4) kitenzi kimevuliwa maana yake na kuvishwa nyingine, ile ya kula. Vivyo hivyo katika kuoga, kupumzika au kufurahia matembezi. Kiswahili hakimsaidii mjifunzaji, kwa kuwa *-wa na* katika wakati uliopo haichukui kiambishi cha njeo: *nina*, *una*, *ana*. Tena umbo *nina* linafanana kwa sauti na mwanzo wa *ninasoma* na *ninakula*. Haitashangaza iwapo sikio la mjifunzaji litayaweka pamoja.

(5) *He is rude.*
(6) *He is being rude.*

Hapa hata *be*, kitenzi tuli kuliko vyote, kinaingia katika -ing. Sentensi (5) inahukumu tabia ya mtu. (6) inahukumu mwenendo wake wa dakika hizi, na hudokeza kuwa angeweza kuacha akitaka. Kwa Kiswahili ya kwanza ni *hana adabu*, na ya pili ni *anakosa adabu* au, kwa uwazi zaidi, *anajifanya hana adabu*. Ndiyo maana *he is being tall* haisemeki: urefu hauachwi kwa hiari.

Yapo mazingira mengine matatu ambamo vitenzi tuli hupokea -ing bila kubadili maana ya msingi. La kwanza ni badiliko la pole pole, kama katika *he is resembling his father more and more*, ambapo kufanana kumepewa hatua na kwa hiyo katikati imepatikana. La pili ni muda mfupi: *I live in Tanga* husemwa na mkazi, *I am living in Tanga* na mtu aliyehamishiwa huko kikazi na anayetarajia kuondoka. La tatu ni adabu. Mwingereza anayeandika *I was wondering* au *I am hoping* anajirudisha nyuma kidogo ili ombi lisimlemee mwenzake. Anachosema ni kwamba wazo lake bado halijakomaa na linaweza kukataliwa bila kuvunjiana heshima. Mzungumzaji wa Kiswahili atautambua mkakati huu mara moja, maana *nilikuwa naomba* hufanya kazi hiyohiyo dukani na ofisini, ingawa ombi linatolewa papo hapo.

Vitenzi vya milango ya fahamu vina njia ya peke yake. Mtu aliye ufukweni hasemi *I am seeing a ship*, wala *I see a ship* si jibu lake la kawaida. Husema *I can see a ship*. Kitenzi kisaidizi cha uwezo kimechukua nafasi ambayo mjifunzaji angetarajia kuikuta -ing. Orodha za kukariri hazilitaji jambo hili mara nyingi, na matokeo yake mwanafunzi aliyekatazwa *I am seeing* hujikuta na muundo sahili usiotosheleza, huku *naona* ya Kiswahili ikiwa imeyabeba yote kwa wepesi.

4. Kiambishi -na- si -ing

Vitabu vingi vya shule huita -na- kiambishi cha “wakati uliopo hali ya kuendelea”. Jina hilo ni chanzo cha nusu ya matatizo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -na- ni ya kuendelea, na kisha akafundishwa kwamba -ing ni ya kuendelea, atatoa hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelitoa: *ninajua* ni *I am knowing*. Hakukosea hesabu, alipewa namba zisizo sahihi.

Matumizi halisi ya -na- ni mapana kuliko jina lake. Sentensi *maji yanachemka* inaweza kusemwa na mtu aliyesimama mbele ya jiko, na *maji yanachemka yakifikia nyuzijoto 100* inaweza kusemwa na mwalimu wa fizikia asiye na jiko wala sufuria. *Anafundisha Zanzibar* haisemi kama yumo darasani sasa. Kiambishi hu- huibeba mazoea kwa uwazi zaidi, na -a- ya *napenda* na *wataka* kihistoria ilikuwa na eneo lake, eneo ambalo E. O. Ashton aliliainisha mbali na -na- katika sarufi yake ya mwaka 1944. Lakini katika matumizi ya leo ya wasemaji wengi -na- imeenea hadi huko, na tofauti ya *nataka* na *ninataka* imebaki zaidi ya mtindo kuliko ya maana. Katika ukanushi tofauti zote hizo huzimika: *sisomi* hukanusha *ninasoma* na *nasoma*, na mara nyingi hujibu *huwa unasoma?* vilevile.

Kwa hiyo -na- huuweka wakati uliopo na kuacha mengine yaamuliwe na kitenzi na muktadha. Kipimo cha Vendler kinathibitisha hilo. Mtu akiulizwa *unafanya nini?*, jibu *ninajua* halikubaliki katika Kiswahili kama lisivyokubalika katika Kiingereza, ijapokuwa -na- imo ndani yake. Utuli wa *jua* upo na unahisiwa na kila msemaji. Haukuonekana kwenye kiambishi tu. Msemaji anayetaka kusisitiza kwamba tendo linaendelea hutafuta msaada nje ya -na-, kwa kusema *yupo anasoma*, *anaendelea kusoma* au *yumo katika kusoma*, na misaada hiyo ndiyo inayokataa vitenzi tuli. *Yupo anajua* haisemeki. Ikiwa kuna umbo la Kiswahili linalostahili kulinganishwa na -ing, basi ni hili la *yupo anasoma*, na walimu wangefanya vyema kulianzia hapo.

Hata hivyo, tahadhari moja inahitajika. Sentensi za aina ya *I am having* na *I am knowing* zimeripotiwa pia katika Kiingereza cha India, ambako lugha mama za wasemaji hazina uhusiano na Kibantu. Josef Schmied, aliyekichunguza kwa muda mrefu Kiingereza cha Afrika Mashariki, anaitaja -ing iliyopanuliwa kuwa miongoni mwa sifa zake. Kupanuka huko kunaweza kuelezwa kwa njia mbili, kwa uhamishaji kutoka lugha ya kwanza au kwa tabia ya jumla ya mjifunzaji kuitumia kanuni kupita mpaka wake, na data za upande huu pekee haziwezi kuamua. Zinahitajika data ambazo njia moja inazieleza na nyingine haiwezi. Data hizo zipo, na zinatoka kwenye -me-.

5. Kiambishi -me- na utuli uliofichwa

Zitazamwe sentensi hizi.

(7) *Mtoto amelala.*
(8) *Mzee amesimama mlangoni.*
(9) *Bibi harusi amevaa gauni jeupe.*

Kiingereza sahihi cha sentensi hizi ni *the child is sleeping*, *the old man is standing at the door* na *the bride is wearing a white dress*. Zote tatu zimedai -ing. Lakini mjifunzaji aliyeambiwa kwamba -me- ni “hali timilifu” huandika *the child has slept*, *the old man has stood* na *the bride has worn a white dress*. Sentensi hizi husikika sana Kenya na Tanzania, hata kwa watu waliosoma hadi vyuo vikuu, na mgeni akizisikia hudhani mtoto amekwisha kulala na kuamka, au kwamba gauni limevaliwa siku nyingine na sasa limo kabatini.

Hapa maelezo ya kanuni iliyopanuliwa hayafai kitu. Mjifunzaji hakuitumia -ing kupita kiasi. Ameiacha mahali Kiingereza kilipoihitaji. Mtu yuleyule anaweza kuandika *I am knowing* katika mstari wa kwanza na *he has slept* katika mstari wa pili, na kinachoiunganisha mistari hiyo ni ramani ya Kiswahili: -na- imekwenda -ing, na -me- imekwenda *have*. Huu ni ushahidi wa uhamishaji usio na utata mwingi.

Swali linalofuata ni kwa nini Kiswahili kitumie -me- kwa jambo linaloendelea. Kihistoria kiambishi hiki huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kumaliza. Jibu limo ndani ya maana ya vitenzi vyenyewe. *Lala*, *simama*, *kaa*, *inama*, *vaa*, *shika*, *beba*, *nyamaza*, *choka*, *kasirika*, *shiba* na *lewa* havitaji hali tuli moja kwa moja; hutaja kuingia katika hali hiyo. *Simama* si kuwa wima bali ni kujiinua hadi kuwa wima. Kuingia huko kukikamilika, kinachobaki ni kuwamo, na kuwamo ndiko kunakotajwa na *amesimama*. Umbo la -na- la kitenzi hichohicho hutaja mchakato wa kuingia: *anasimama* ni mtu ambaye magoti yake bado hayajanyooka, *anavaa* ni mtu ambaye mkono mmoja bado unatafuta shimo la shati, na *analala* ni mtu anayejitandika kitandani, kama si mwenye mazoea ya kulala mahali fulani. Jambo hili si la Kiswahili pekee. Crane na Persohn (2019) wameonesha jinsi vitenzi vya kuingia katika hali vilivyo muhimu katika kuelewa mifumo ya njeo na hali katika lugha za Kibantu kwa ujumla.

Kipimo cha ndani cha kuvitambua vitenzi hivi ni neno *bado*. Husemwa *bado amelala*, *bado amesimama*, *bado amekasirika*, kwa maana ya kwamba hali haijakoma. Haisemwi *bado ameandika barua* wala *bado amefika*. Kitenzi ambacho -me- yake inakubali *bado* kwa maana hiyo ni kitenzi cha kuingia katika hali. Kisichokubali, -me- yake ni ya utimilifu wa kawaida, na hapo tafsiri yenye *have* inafaa. Kipimo cha swali la kufanya nacho kinaleta jambo la kuvutia: *mtoto anafanya nini?* hujibiwa *amelala* bila mtu yeyote kushangaa. Jibu lenye -me- linafaa mahali ambapo jibu lenye -na-, yaani *anajua*, halifai. Anayetegemea majina ya vitabuni, “endelevu” kwa -na- na “timilifu” kwa -me-, hana namna ya kulieleza hilo.

Vitenzi vya mkao vinastahili nafasi zaidi, kwa sababu hapa Kiingereza chenyewe kimegawanyika. Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, waliviweka vitenzi vya *stand*, *sit*, *lie* na *live* katika kundi la pekee, kati ya vitenzi tuli na vya tendo. Kitu cha kudumu huchukua muundo sahili: *the Askari Monument stands on Samora Avenue*, *Bagamoyo lies on the coast*. Kiumbe anayeweza kuondoka huchukua -ing: *a policeman is standing on Samora Avenue*. Kusema *Bagamoyo is lying on the coast* ni kuufanya mji uonekane umejinyoosha mchangani ukiota jua. Kiswahili hakijali tofauti hiyo ya kudumu na kupita. Sanamu *imesimama* pale Dar es Salaam, na polisi *amesimama* chini yake. -Me- inawafaa wote wawili, kwa kuwa Kiswahili kinaulizia jambo jingine kabisa, yaani kama hali imekwisha kufikiwa au bado inafikiwa. Na pale ambapo hakuna kufikiwa kokote, kama kwa mji ambao haukujisogeza mahali, Kiswahili huacha kitenzi cha mkao na kuchukua *upo* au *uko*: *mji wa Bagamoyo upo pwani*.

Ukanushi unaliongezea suala hili ugumu. Kinyume cha *amesimama* ni *hajasimama*, lakini -ja- huja na matarajio kwamba atasimama. Kiingereza *he is not standing* hakina matarajio hayo. Mfasiri anayetaka kusema tu kwamba mtu fulani hakuwa wima hulazimika kubadili upande na kusema *amekaa* au *ameketi*, akiitaja hali iliyopo badala ya kuikanusha isiyokuwapo.

6. Wakati uliopita na uzito wa ushahidi

Katika wakati uliopita mambo hugeuka kuwa mazito kuliko alama za mtihani. Kitenzi *jua*, ambacho kwa -na- ni tuli, kwa -me- na kwa -li- kinaweza kuwa cha kuingia katika hali. *Nimejua* ina maana ya kwamba habari zimenifikia sasa. *Nilijua* ina uwezekano wa aina mbili: nilikuwa na habari hizo, au wakati huo ndipo nilipozipata. Kiingereza hutenganisha maana hizo kwa maneno mawili tofauti, *I knew* na *I found out*, na *I knew* kwa kawaida haidokezi kupata habari mpya.

Achukuliwe shahidi katika kesi ya wizi anayesema:

(10) *Siku hiyo nilijua kwamba fedha zimechukuliwa.*

Kumbukumbu ikiandikwa *that day I knew that the money had been taken*, shahidi amefanywa mtu aliyekuwa na taarifa mapema, na wakili wa upande wa pili ana haki ya kumuuliza kwa nini alinyamaza. Ikiandikwa *that day I found out*, shahidi ni mtu aliyegundua kama wengine. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida shahidi kusema kwa Kiswahili na hakimu kuandika kwa Kiingereza, akitafsiri kichwani huku kalamu ikikimbia. Hukumu na mienendo ya kesi za miaka hiyo bado zinasomwa na kunukuliwa, na kila *I knew* iliyomo inaficha uamuzi uliofanywa na mkono wa mwandishi. Nchini Kenya, ambako Kiingereza bado kina nafasi kubwa katika kumbukumbu za mahakama, uamuzi huo unaendelea kufanywa kila siku.

Kiswahili kina njia ya kuondoa utata. *Nilikuwa ninajua* na *nilikuwa nikijua* zina maana ya hali iliyokuwapo pekee. Ni kinaya kwamba umbo hili, lenye usahihi mkubwa kuliko *nilijua*, ndilo linalomponza mjifunzaji, kwani kwa kulifuata neno kwa neno huandika *I was knowing*. Kwa sababu ya kosa hilo, baadhi ya walimu huwashauri wanafunzi waliepuke umbo la *nilikuwa* wanapotafsiri, na hivyo huwanyang'anya chombo pekee kilichotenganisha maana mbili. Tafsiri yake sahihi ni *I knew*, muundo sahili mtupu. Na tafsiri ya *nilijua* ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kabla ya kuandikwa. Hali ni hiyohiyo kwa *nilielewa*, *nilipenda* na *niliona*. Ukanushi, kwa upande wake, hauna shida hii: *sikujua* hueleweka kuwa ni kutokuwa na habari, na *I did not know* inaitosheleza.

Swali la wakili nalo lina umbo lake. *Ulijua lini?* huuliza kuhusu kuingia katika hali, kwa kuwa *lini* hudai nukta ya wakati, na Kiingereza chake ni *when did you find out?* *Ulikuwa unajua?* huuliza kuhusu kuwamo, na Kiingereza chake ni *did you know?* Shahidi anayejibu swali la kwanza kwa *Jumatatu* amejibu kuhusu kuingia. Anayejibu *tangu Jumatatu* amejibu kuhusu kuingia na kuwamo kwa pamoja, na kumbukumbu ya Kiingereza itahitaji sentensi mbili ili kuyahifadhi yote aliyoyasema kwa maneno mawili.